UZI: Babu yetu alikuwa askari wa Mfaransa. Mtandaoni nimekuta alikufa 1918, na bibi kazaliwa 1934!

MjukuuWaTarbushi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Naomba wajuzi wa historia, na wenye ndugu Komoro au Ufaransa, mnisaidie.

Upande wa mama sisi ni Wangazija wa Unguja. Baba yake bibi ukoo mzima unamwita Babu Tarbushi, kwa sababu mpaka anakufa hakuwa akitoka nje bila kofia nyekundu. Si ile yenye shada wanayovaa mashekhe, hii ni fupi, ya kiaskari. Hadithi tuliyokuzwa nayo ni kwamba alikuwa askari wa Mfaransa katika Vita vya Kwanza, akapigana na Wajerumani hukohuko Ulaya, akarudi na nishani, akashuka Unguja kwa jahazi, akaoa, akawa mpishi wa Wazungu Shangani hadi uzeeni. Alifariki kabla ya Mapinduzi.

Tumebaki na vitu vitatu. Nishani ya shaba, utepe wake umebaki nyuzinyuzi nyekundu na nyeupe. Karatasi iliyokunjwa mara nne, mende wameila pembeni, ina muhuri na maandishi ya Kifaransa. Na daftari la hitima la mama mkubwa, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kila Shaabani tunaporehemu wazee, baada ya Babu Tarbushi na mkewe linasomwa jina la "Bi Mbuki". Hakuna anayemjua. Mama mkubwa anasema alilikuta hivyo kwenye daftari la mama yake, na jina la maiti halifutwi.

Sasa mwezi uliopita nimeingia kwenye tovuti ya jeshi la Ufaransa, inaitwa Mémoire des hommes. Nikaandika jina. Lipo! Jina lake, jina la baba yake, mzaliwa wa Grande Comore, yaani Ngazija, askari wa kikosi cha Kimalagasi, yaani cha Madagascar. Nikateremka chini: amefariki 1918, hospitalini, kwa maradhi.

Bibi yangu kazaliwa 1934.

Nilipomweleza mjomba kwenye simu alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo babu yangu alikuwa mzimu, au mwizi wa jina la maiti?" Hajanipigia tena.

KijiweChaKahawa

Nimeshatandika mkeka. Mzee kafa Ufaransa kafufukia Unguja, hii hata Abunuwasi hakuifikiria.

Mchuuzi_wa_Darajani

Mkuu, jina lenyewe ni la aina gani? Maana kuna majina ya Kingazija ukirusha jiwe sokoni linampata mwenye nalo.

MjukuuWaTarbushi

La aina hiyohiyo ya jiwe, mkuu. Siliweki hapa kwa heshima ya wazee.

MzeeWaMajalada

Kijana, mpigie mjomba wako leo hii. Mwambie babu yake si mzimu wala si mwizi. Wewe ndiye uliyeingia makaburini kumtafuta mtu aliyerudi nyumbani.

Orodha uliyoifungua ni ya waliokufa tu. Ni kadi zaidi ya milioni 1.3 za wale ambao Ufaransa ilikubali kuwa wamekufa kwa ajili yake katika vita vya 1914-1918. Aliyerudi salama hana kadi mle. Uliyemkuta ni somo wake, jina moja na kisiwa kimoja. Wengi wao waliondoka kwa vifua, maana baridi ya kule haikuwa na huruma na mtu wa pwani. Ndiyo maana jeshi lilikuwa likiwateremsha kusini wakati wa baridi, kwenye kambi za Fréjus na Saint-Raphaël. Hata huko walizikwa wengi. Msomee Fatiha huyo somo, haina hasara.

Sasa mambo mawili.

La kwanza, usimtafute Komoro, mtafute Madagascar. Ngazija iliwekwa chini ya himaya ya Ufaransa 1886, na 1912 visiwa vyote vikageuzwa koloni na kuunganishwa na Madagascar. Vilikuja kutenganishwa tena 1946. Kwa hiyo Mngazija aliyeingia jeshini 1915 au 1916 aliandikwa kwenye vikosi vya Kimalagasi, na makaratasi yake yalikwenda huko. Madagascar na visiwa vyake ilitoa askari zaidi ya 40,000 katika vita ile. Ukisoma "malgache" kwenye jalada usidhani ni Mmalagasi wa milimani, anaweza kuwa mtu wa Moroni anayekula mataba, kisamvu cha Kingazija, kama wewe.

La pili ni jina, na hapa ndipo watu wanapozama. Karani wa Kifaransa aliandika alichosikia, na masikio yake hayakulelewa pwani. Juma anakuwa Djouma. Bwana anakuwa Boina. Mwinyi anakuwa Moigni. Chande anakuwa Tchandé, Shaka anakuwa Chaka, Hamisi anakuwa Hamissi, na kwa kuwa Mfaransa hatamki H, kuna siku Hamadi anaamka kuwa Amadi na jalada lake linahama kutoka H kwenda A. Kila U yetu kwao ni OU. Kisha yule karani anataka jina la ukoo, na sisi hatuna, tuna jina la mtu na jina la baba yake. Basi anachukua la baba analifanya la ukoo, au anageuza kinyume, kutegemea nani alitajwa kwanza pale dirishani. Nimewahi kumkuta mtu mmoja ana tahajia tatu kwenye karatasi tatu za mwaka mmoja.

Kwa hiyo achana na jina. Tafuta namba. Kila askari alipewa namba ya matrikuli, yaani ya usajili wake jeshini, na namba haina lahaja. Hiyo karatasi yako iliyoliwa na mende, ifungue pole pole uangalie.

MtafutaPasi

Samahani kuingilia. Je, mwenye babu kama huyo anaweza kudai pasi ya Ufaransa? Au fidia? Mimi pia nasikia upande wetu kulikuwa na mtu.

MzeeWaMajalada

Nilikuwa nakungoja wewe. Kila uzi wa aina hii una mmoja wako.

Pasi: askari wa Kingazija wa 1916 hakuwa raia, alikuwa raiya tu, yaani mtawaliwa wa Ufaransa. Uraia ulitolewa kwa watu wa makoloni kwa sheria ya Mei 1946, na Komoro ikapata uhuru wake 6 Julai 1975. Nishani ya babu wa babu haikufungulii mlango wa ubalozi.

Pesa: kulikuwa na kadi ya mpiganaji kuanzia 1926 na malipo yake kuanzia 1930. Ni haki ya askari mwenyewe. Kitukuu hana fungu humo.

MtafutaPasi

Sawa mzee, nimeelewa. Narudi kulala.

MjukuuWaTarbushi

Mzee wa Majalada, wallahi umenifumbua macho.

Nimekwenda kwa mjomba mwenyewe, maana karatasi iko kwake kwenye bweta. Tumeiweka juu ya sinia, tukaifungua kwa kijiko cha chai ili isichanike. Muhuri umekufa, unaonekana nusu duara tu. Kuna herufi B.T.M. Na chini yake kumeandikwa kwa wino wa zambarau: Mle 27, halafu tarakimu mbili nyingine nazificha.

Mjomba miaka yote akituambia kuwa Mfaransa aliyeandika karatasi hii alijua Kiswahili. "Tazameni, kaandika *mle*. Anasema mle ndani ya namba ishirini na saba." Alikuwa na hakika kuna sanduku Ufaransa, namba 27, na mle ndani kuna haki ya babu yake.

MzeeWaMajalada

Nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Mwambie mjomba yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani. *Mle* ndivyo Wafaransa wanavyofupisha neno matrikuli. Na B.T.M. ni batalioni ya askari wa Kimalagasi. Mle ndani ya namba hiyo yumo babu yake.

Jeshi lao lina kituo cha majalada ya watu katika mji wa Pau. Waandikie barua ya Kifaransa, fupi: jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, kisiwa, makisio ya mwaka wa kuzaliwa, herufi za kikosi, namba. Weka na picha ya karatasi. Usiwasimulie habari za hitima.

Fundi_Saa_Mkunazini

Kuhusu nishani. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke kavaa kofia ya chuma? Upande wa pili "République française" na "Grande Guerre 1914-1918"?

MjukuuWaTarbushi

Hiyohiyo! Umeijuaje?

Fundi_Saa_Mkunazini

Zimepita mikononi mwangu mbili tatu. Hiyo ni nishani ya kumbukumbu, ilianzishwa 1920, na walipewa wote waliotumikia vita vile. Si ya kitendo cha ushujaa. Ya ushujaa ni ule msalaba wenye panga mbili zilizopishana nyuma, unaitwa Croix de guerre. Nasikitika kama nimeharibu hadithi ya mtu.

MjukuuWaTarbushi

Umeiharibu, fundi. Mjomba kasema wewe ni fundi saa, si fundi nishani.

Moto_wa_Makumbi

Naomba niwe mbaya kidogo. Hivi tunasherehekea nini hapa? Jeshi lilelile ndilo lililowapiga Wamalagasi walipoamka 1947. Askari wa makoloni walitumwa kuua watu wa makoloni. Huyo mzee alikuwa bunduki ya mkoloni, basi.

MjukuuWaKeya

Moto, mimi babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waafrika la Mwingereza. Septemba 1942 walishushwa Majunga, wao na batalioni nyingine za KAR, watu wa Nyasaland, Kenya na Tanganyika, Mwingereza akiinyang'anya Madagascar kutoka kwa Wafaransa wa Vichy, wale waliokuwa upande wa Mjerumani. Julai ya mwaka uleule wenzao walikuwa wameshatia mguu Mayotte. Babu alisimulia kwamba mateka wa mwanzo waliowakuta walikuwa weusi kama wao, na mmoja aliwaomba maji kwa Kiswahili. Akampa chupa yake, sajini Mzungu akamfokea. Sasa nikuulize wewe, pale bunduki ya mkoloni ilikuwa ipi?

Moto_wa_Makumbi

Zote mbili. Ndiyo hoja yangu.

MzeeWaMajalada

Na mimi sipingi. Lakini mtu aliyefikiwa na mkuu wa kijiji mwenye hesabu ya vijana wanaotakiwa hakuulizwa maoni yake. Wengine walijiandikisha kwa njaa, wengine kwa zile faranga za kujiunga, wengine walikamatwa kama kuku. Ukisoma shajara za vikosi vyao, nazo zimewekwa mtandaoni, mara nyingi afisa anatajwa kwa jina na askari wa koloni anatajwa kwa idadi. "Wamekufa wanne." Kijana anamtafuta mmoja katika hao wanne wanne. Mwache amtafute.

Binti_wa_Tadjoura

Mimi wangu ni kinyume. Babu wa mama alikuwa afisa Mfaransa, Djibouti, akamzalisha bibi kisha akahamishwa. Nitaanzia wapi?

MzeeWaMajalada

Afisa ni rahisi zaidi, wao waliandikwa vizuri. Majalada yao yapo Vincennes, karibu na Paris. Kama alipata Légion d'honneur, nishani yao kuu, na kafariki kabla ya 1977, jalada lake litakuwa kwenye hazina inayoitwa Léonore, inafunguka bure. Ugumu wako uko kwa mtoto. Kama baba hakumkiri mbele ya karani, jina lake halimo kwenye cheti, na hapo karatasi inakoma, inabaki midomo ya wazee. Fungua uzi wako, tutakuja.

BintiMarseille

Hodi. Mimi Mngazija, nipo Marseille, Kiswahili changu ni cha redio na cha bibi, msinicheke.

Mleta uzi, mnahangaika na namba, vizuri, lakini mmesahau kuuliza jambo la kwanza ambalo Mngazija yeyote angeuliza: mji gani? Siyo kisiwa. Mji. Hapa Marseille tuko wengi mno, na kila mji wa Ngazija una chama chake, na kila chama kina kina mama wanaojua nani kaoa wapi tangu enzi za masultani. Nipe mji nitakuletea ukoo.

Na la pili. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe. Ardhi ya manyahuli, yaani ya ukoo, inapita kwa akina mama, haipiti kwake. Basi ukifika mjini kwao ukauliza "watoto wa fulani wako wapi", watakutazama tu, kwa sababu watoto wake ni wa nyumba za mama zao, wawe Unguja, wawe Bukini, wawe popote. Uliza hivi: dada zake walizaa nani? Huko ndiko atakuwa anakumbukwa, kama mjomba.

MjukuuWaTarbushi

Dada yangu, ahsante sana. Mji ni Mbeni, hilo bibi alilisema mara nyingi.

Lakini ngoja. Umesema "Bukini". Bukini ni wapi?

BintiMarseille

Eh! Bukini ni Madagascar. Nyinyi Unguja hamsemi hivyo?

Mwana_wa_Amu

Wanasema, ila vijana wameliacha. Kiswahili cha wazee kisiwa kile ni Bukini, na mtu wake ni Mbuki, wengi Wabuki. Hata Mayotte leo kuna vijiji vinazungumza Kibushi, ni neno hilohilo limevaa kanzu nyingine.

Mleta uzi, rudi kwenye daftari la mama yako mkubwa.

KijiweChaKahawa

Nywele zimenisimama. BI MBUKI.

MjukuuWaTarbushi

Wakuu, nipeni muda.

MjukuuWaTarbushi

Nimerudi. Nimetoka kwa mama mkubwa sasa hivi, nimemsomea uzi wote, hata utani wenu.

Nilipofika kwenye neno Mbuki alivua miwani. Akasema, "Sisi tulidhani ni jina la baba yake, Mbuki." Kisha akakumbuka kitu. Anasema bibi yetu alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa akiondoka kila mwaka pepo za kaskazi zikianza, anarudi na kusi. Miezi na miezi. Mama yake akiulizwa na majirani mumewe yuko wapi, alijibu neno moja: "Kaskazini." Majirani wakicheka, maana kaskazi haikupeleki kaskazini, inakupeleka kusini. Ilikuwa mzaha wa nyumbani. Mama mkubwa kausikia utotoni akidhani ni ujinga wa bibi yake.

Jahazi likiondoka Unguja na kaskazi linakwenda wapi? Ngazija. Na baada ya Ngazija?

Mwana_wa_Amu

Majunga. Ndiyo njia.

BintiMarseille

Ikiwa ni Majunga basi nakupa pole kabla sijaanza. Mji ule ulijaa Wakomoro, vizazi na vizazi, wameoa Wabuki, wameolewa. Desemba 1976 wakageukiwa. Siku chache tu, watu waliuawa, nyumba zikachomwa, waliobaki wakajificha kambini. Kisha wakapakiwa ndege za Sabena, shirika la Wabelgiji, wakaletwa Komoro, wengi hawajawahi hata kuiona. Mpaka leo nyumbani wanaitwa Wasabena. Walifika na nguo za mwilini. Picha, vyeti, madaftari, vyote viliungua. Ukiona ukoo wa Majunga hauna karatasi, ndiyo sababu.

Mimi mwenyewe mama yangu ni Sabena. Nitauliza.

Mchuuzi_wa_Darajani

Huu uzi sasa naufuata kwa adabu.

*(baada ya miezi minne)*

MjukuuWaTarbushi

Wakuu, waliokuwa wakiniuliza kwa faragha, nipo. Yamekuja mawili kwa wiki moja.

La kwanza, Pau wamejibu. Ukurasa mmoja wa rejista, nakala. Jina ni lake kwa tahajia ambayo nisingeibuni hata ningekaa mwaka, jina la baba limetangulia na H imeruka, kama alivyosema Mzee wa Majalada. Namba ni ileile, tarakimu kwa tarakimu. Amezaliwa "vers 1893", yaani walikisia kwa kumtazama. Kimo mita 1 na sentimita 66. Kazi: baharia. Alijiandikisha Majunga, 1916. Akaachiwa 1919. Kati ya hapo, mistari mitatu ya mwandiko mwembamba. Nimesomewa na BintiMarseille: alipelekwa kwenye mizinga mizito, kubeba na kusogeza mizinga. Hakuna jeraha, hakuna sifa, kuna siku nane za kifungo kwa kuchelewa kurudi kambini.

Nikampelekea mjomba. Nilikuwa na hofu, maana yeye kakulia na babu anayechoma Wajerumani kwa singe. Alisoma, yaani alitazama, kwa muda mrefu. Akauliza mzinga mmoja mzito una uzani gani. Nikasema tani kadhaa. Akasema, "Na bado mgongo wake ulikuwa umenyooka mpaka anakufa." Kisha akaniuliza zile siku nane alichelewa wapi. Hilo ndilo linalomsumbua sasa.

Fundi_Saa_Mkunazini

Msalimie sana mjomba. Mwambie fundi nishani anamuomba radhi.

MjukuuWaTarbushi

Zimefika, kasema umletee saa yake ya ukutani, kaiacha kwako tangu Rajabu.

La pili ni refu. Dada BintiMarseille aliupeleka mji na lakabu kwa kina mama wa Mbeni walioko Marseille. Lakabu hawakuijua, kofia ile ni ya Unguja. Lakini akawauliza kwa njia ya dada zake, kama alivyotufundisha. Mmoja akasema nyumba ya bibi yake ilikuwa na mjomba aliyekwenda vitani, hakutaka kukaa mjini, hakufanya hata ndoa kubwa, ile ya kimila inayompa mtu heshima Ngazija, watu wakimsema. "Alikuwa na mke Bukini na mke Unguja, akawa mtu wa baharini." Akatoa jina. Jina la jiwe sokoni, lakini na jina la baba, na la babu. Yote matatu yetu.

Na mjukuu wa Babu Tarbushi, wa upande wa Majunga, yupo hai. Ni bibi wa miaka sabini na ushei, kazaliwa Majunga, kafika Moroni kwa ndege ya Sabena akiwa mama wa mtoto mchanga, sasa yuko Marseille kwa wanawe. Tumezungumza naye kwa simu ya video, mimi, mama mkubwa na mjomba, tumebanana kwenye kochi moja. Yeye anasema Kingazija na Kibuki, mama mkubwa Kiswahili, BintiMarseille katikati anatafsiri, ingawa baada ya nusu saa walikuwa wanaelewana wenyewe na kututupa.

Hana picha hata moja. Zilibaki kwenye nyumba, na nyumba ilibaki moto. Anakumbuka babu yake alikuwa akimchukua chini ya ule mbuyu mkubwa wa Majunga jioni, anamnunulia karanga, na kwamba alikuwa hana kofia.

Mjomba akaruka. "Hana kofia?"

Hana. Bibi anasema nyumbani kwa mkewe wa Bukini hakuivaa kamwe, mkewe aliichukia, alikuwa hataki kuiona wala kusikia habari za vita.

Kisha akasema jambo ambalo nimelichelewesha makusudi. Kwao pia huwa wanasoma majina ya kurehemu wazee. Hawana daftari, liliungua, wanasoma kwa kichwa. Na baada ya jina la babu na la mkewe, mama yake alikuwa akiongeza siku zote "na mwenzangu wa Ungudja". Hakuna aliyejua ni nani, wala kwa nini aitwe mwenzangu. Walidhani ni rafiki.

KijiweChaKahawa

Mimi sina utani leo.

MjukuuWaKeya

Kwa hiyo wale wake wawili walijuana.

MjukuuWaTarbushi

Walijuana, mkuu. Au angalau kila mmoja alijua mwenzake yupo, na aliyemwandika Bi Mbuki kwenye daftari la Unguja lazima ni mke wa Unguja mwenyewe. Mwanamume hakuwa akijua kuandika, rejista ya Pau imesema hivyo.

MzeeWaMajalada

Hili hutalipata Pau, wala Aix kwenye majalada ya makoloni, wala Vincennes.

Je, mmepata jina lake? Huyo Bi Mbuki?

MjukuuWaTarbushi

Tumelipata, lakini lina shughuli. Mama mkubwa alitoa daftari palepale, akaomba kalamu ya mwanzi, akakosa, akachukua Bic. Akamwambia yule bibi alitamke. Akalitamka. Akamwambia arudie. Akarudia. Mama mkubwa akauliza, "Niandike kwa *sini* au kwa *shini*?"

BintiMarseille akatafsiri. Yule bibi akafikiri, akalitamka tena polepole, akitazama mdomo wake mwenyewe kwenye simu.

"Katikati," akasema.

Mama mkubwa mpaka sasa hajaandika. Wamepanga kupigiana tena Ijumaa.